Anti, giza na baridi ya Yellowknife vimenishinda, mume wangu anasema nivumilie tu

Shikamoo Anti,

Naomba unisaidie maana nimefika mahali hata sijui nimlilie nani. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka saba na mdogo mitatu, tunaishi Yellowknife, huku juu kabisa kaskazini mwa Kanada. Mwanzo tulikuwa Edmonton na maisha yalikuwa yanaenda, nilikuwa na kazi ya kuhudumia wazee, nina wenzangu wa kuongea nao Kiswahili, jumapili hatukosi pa kwenda. Baba watoto akapata kazi kwenye mgodi wa almasi, ile ya kwenda na ndege, wiki mbili yuko mgodini wiki mbili yuko nyumbani, na mshahara ukawa mzuri sana kushinda wa mwanzo, basi tukakaa tukaongea tukakubaliana twende, sikulazimishwa.

Tulifika mwezi wa saba Anti na kwa kweli nilipapenda, saa tano usiku bado kuna jua, watoto wanacheza kando ya ziwa, watu wanakusalimia hata hawakujui, nikawa natuma picha nyumbani kila siku. Theluji ikaanza mwezi wa kumi nikasema sawa, theluji si hata Edmonton ipo. Ila ilivyofika Disemba ndo nikaona mambo. Jua linatoka saa nne asubuhi, saa tisa alasiri limeshazama, na hata hilo lenyewe halipandi juu, linapita pembeni kule chini kama linaona aibu. Namwamsha mtoto aende shule giza, natoa uchafu giza, napika giza, nikichungulia dirishani naona taa za barabarani tu.

Na baridi yenyewe si ya mchezo. Juzi ilikuwa -38. Nilitoka na huyu mdogo nimpeleke kliniki, gari ikagoma kuwaka, baba watoto yuko mgodini, nikatoa simu nimpigie mtu, simu ilikuwa na chaji ya kutosha tu lakini ilivyokaa mkononi dakika chache ikazima yenyewe. Mtoto analia, kope zangu zinashikana, nikamrudisha ndani mbio na kliniki hatukwenda. Tangu siku hiyo kutoka nje naogopa. Vitu naagiza mtandaoni, mkubwa anakuja kuchukuliwa na basi la shule, mimi na huyu mdogo tunashinda ndani, yeye na tableti mimi na kochi.

Anti nalala sana. Nalala usiku, nikimsindikiza mkubwa mlangoni narudi kulala tena, na bado nikiamka nimechoka. Nakula mikate na vitu vitamu muda wote. Nalia bila sababu, simu za dada zangu sipokei, na zamani nilikuwa mtu wa kucheka mimi, muulize yeyote.

Nikimwambia mume wangu anasema vumilia mke wangu, hela tunapata, miaka mitatu tu tunanunua nyumba. Wifi yangu anasema nimezoea starehe. Mama kila akipiga ananiambia rudi usije ukafa na baridi ukaniachia wajukuu. Rafiki yangu wa Edmonton anasema chumba kipo njoo hata kesho. Halafu kuna jirani, mama mtu mzima, amekaa hapa zaidi ya miaka thelathini, anasema ye hata umpe nini hahami, eti hewa ya hapa hakuna pengine. Na dada mmoja Mkongo nilikutana naye dukani ananiambia baridi ya mwaka wa kwanza kila mtu analia, wa pili unazoea, na mwenzake aliyekuwa naye akadakia kwamba hamna cha kuzoea, ye anaondoka mwezi wa tano. Sasa nimsikilize nani?

Nataka mwezi ujao nichukue watoto nirudi Edmonton, ila mume wangu anasema nikiondoka ni kama nimeondoka kwenye ndoa. Nisaidie Anti, nifanyeje?

Mama wa wawili, Yellowknife

---

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja na nimeumia, kwa sababu mi mwenyewe huko kaskazini nimekaa, hilo jua la kupita pembeni nalijua vizuri.

Nianze na hiki cha kulala, kula vitamu, kulia na kutopokea simu, maana ndo kitu kikubwa kwenye barua yako na umekiandika katikati kama jambo dogo. Hiyo mwanangu si starehe na wala si udhaifu. Ni hali inayojulikana hospitalini, ni huzuni ya majira, inakuja mchana ukiwa mfupi na inapungua mchana ukirefuka. Daktari aliyeiandika na wenzake mwaka 1984 anaitwa Norman Rosenthal, na nakutajia jina lake kwa sababu ni mzaliwa wa Afrika Kusini, alihamia Marekani kusoma na ilivyofika baridi ya New York akaona nguvu zinamwishia, ikija masika anarudi kuwa mtu. New York! Na wewe uko Yellowknife ambako Disemba 21 mchana mzima ni masaa matano. Macho yasipopata mwanga wa asubuhi, ile saa ya mwilini inapotea, mwili hauelewi sasa ni muda wa kuamka au wa kulala, unabaki katikati, na ndo hapo unaona mtu analala masaa kumi na bado amechoka, na anatamani wanga tu kutwa. Dalili zako karibu zote ndo zenyewe hizo. Kwa hiyo mwambie wifi yako, kwa adabu, kwamba hapa tunaongelea afya.

Cha kufanya ni kumuona daktari au nesi wa kliniki wiki hii hii, na umwambie yote kama ulivyoniambia mimi, usipunguze. Kuna dawa, kuna watu wa kuongea nao, na kuna kupima damu, maana uchovu unaweza pia kuwa ni damu kupungua au tezi ya shingo, usije ukasingizia giza kumbe kuna kingine. Muulize na habari za taa ya mwanga mkali, wanaipima kwa laksi, tafuta yenye laksi 10,000, unakaa karibu nayo asubuhi ukishaamka tu, dakika 20 mpaka 30, macho wazi lakini huikodolei, unakunywa chai yako pale mezani huku inakumulika usoni. Ukiiwasha jioni inakuharibia usingizi. Na kama una shida ya macho au uliwahi kuambiwa una ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, usiiguse kabla daktari hajakubali. Watu wengi wanaanza kuona tofauti ndani ya wiki moja au mbili.

Vitamini D nayo usiidharau. Ngozi yetu hii nyeusi inahitaji jua zaidi kutengeneza hiyo vitamini, na huko juu majira ya baridi jua ni dogo mno, hata ukianika uso mchana kutwa hupati kitu. Pendekezo la Kanada kwa mtu wa umri wako ni IU 600 kwa siku, IU ni kile kipimo kinachoandikwa kwenye kopo, na usivuke 4,000 bila daktari kusema, na watoto nao muulizie kipimo chao. Haitaondoa huzuni yenyewe, nisikudanganye, ila ni kitu cha kumeza kila siku bila kujadili.

Na sikiliza, ikitokea siku umewaza kwamba bora usingekuwepo, usisubiri apointimenti na usisubiri mume arudi. Piga au tuma mesiji 988, ndo namba ya msaada kwa anayewaza kujiua, ni bure Kanada nzima, usiku na mchana.

Sasa baridi. Nitasema kitu ambacho wengi wanaopakimbia hawakiamini: baridi ya -38 inawezekana kuishi nayo kabisa, kinachomshinda mtu ni kufungiwa ndani kwa sababu ya kuiogopa. Na wewe umeogopa kwa haki, gari kugoma na simu kuzima ukiwa na mtoto ni kitu cha kutisha, ila ni vitu vyenye dawa. Simu kwenye baridi kali betri inaishiwa nguvu ghafla, haijaharibika, we iweke mfuko wa ndani karibu na mwili wako, itoe ukiongea tu irudishe. Gari za huko zina hita ya injini, ndo maana unaona ule waya unaning'inia mbele kwenye boneti na paking zina plagi, gari ichomeke usiku mzima au angalau masaa machache kabla ya kutoka, ikifika -20 usiulize, chomeka tu. Tangi lisishuke chini ya nusu. Nyuma ya gari weka mablanketi, sepetu, soksi na glavu za akiba, na ukikwama ukawa umewasha injini hakikisha ekzosi haijafukiwa na theluji, ule moshi ukirudi ndani unaua watu wamelala.

Kuvaa ndo usiseme. Makosa ya wengi wetu ni kununua jaketi moja nene la gharama na ndani tumevaa pamba. Pamba ikishika jasho inabaki na maji na maji yanakupoza. Ndani kabisa vaa sufu au zile nguo za mazoezi zinazokauka haraka, juu yake kitu cha kuhifadhi joto, nje kabisa jaketi la kuzuia upepo linalofika magotini. Glavu za mfuko, zile vidole vinne vinakaa pamoja, ni bora kuliko za vidole vitano. Buti ziwe kubwa kidogo, vidole vicheze, buti ikibana miguu inaganda hata ukivaa soksi tatu. Na nywele mwanangu, usitoke na nywele mbichi, na ndani ya hiyo kofia ya sufu vaa kitambaa cha satini maana sufu na ile hewa kavu vinakata nywele zetu vibaya sana, na ngozi paka mafuta mazito ukitoka kuoga tu kabla haijakauka. Mdogo ukimfunga kwenye kiti cha gari mvue jaketi nene kwanza, mkanda ukae kifuani, halafu umfunike nalo kwa juu.

Upepo ukiifikisha ile baridi inayohisiwa kwenye -40, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika tano mpaka kumi. Kwa hiyo kuna siku za kukaa ndani, sikatai. Ila -20 haina upepo na jua limetoka, mwanangu toka. Toka kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, dakika ishirini tu, mzunguke nyumba na huyu mdogo mrudi. Ukiona kidole au shavu la mtoto limekuwa gumu na halina hisia, usisugue na wala usipake theluji kama wengine wanavyofanya, ingia ndani tumia maji ya vuguvugu na mpigie nesi. Siku za upepo nenda Fieldhouse, ule ukumbi wa michezo wa ndani, huyu mdogo akimbie mpaka achoke, au maktaba wanakosomea watoto hadithi. Hapo ndo utawakuta kina mama wengine, na ndo dawa yenyewe, maana mpaka sasa watu wako wote wako kwenye simu na simu hupokei.

Nije kwa hao washauri wako. Jirani yako mi namuamini, kuna watu Yellowknife wanaipenda kutoka moyoni, wanavua samaki chini ya barafu, wanaendesha gari juu ya ziwa kwenda kijiji cha Dettah, kilomita sita na ushee wakati kwa barabara ya nchi kavu ni kama 27, Machi wanafungua kasri zima la theluji walilolijenga ziwani na watu wanacheza muziki ndani yake, na usiku wakitoka wanaangalia aurora, ile mianga ya kijani, inavyotembea angani. Lakini huyo mama ana zaidi ya miaka thelathini ya ndugu, marafiki na mazoea pale. Mama yako anaona -38 kwenye simu anakumbuka mwanawe, huwezi kumlaumu. Dada Mkongo na mwenzake wote wawili wamesema ukweli wao. Hakuna hata mmoja kati yao anayelea watoto wawili peke yake wiki mbili mfululizo, gizani, bila kazi, na gari ambayo hana uhakika nayo. Ukimtoa mtu yeyote kwenye kazi yake na wenzake ukamweka hivyo, hata nchi ya jua angelia. Kwa hiyo usipime hali ya hewa peke yake, pima maisha yote mliyojipangia.

Kuhusu kuondoka mwezi ujao, mi naomba usiamue sasa hivi. Sisemi ubaki. Nasema Januari ni mwezi mbaya wa kuamua kama Julai ulivyokuwa mwezi mbaya wa kupapenda. Angalia kinachokuja: saa hizi mwisho wa Januari mchana umeshafika masaa saba hivi, na unaongezeka dakika tano na zaidi kila siku, mwisho wa Februari ni masaa kumi, Machi 20 umelingana na usiku. Na Machi ya huko ni kitu kingine, baridi bado ipo lakini jua linapiga kwenye theluji mpaka unahitaji miwani. Tumia taa, muone daktari, toka mchana, halafu katikati ya Aprili kaa chini na mumeo muamue mkiwa na akili zenu. Na mkiamua muangalie mwaka mzima, maana kiangazi nacho kina yake, mbu, na moshi wa moto wa misitu, Agosti 2023 mji mzima, watu kama 20,000, waliamriwa kuhama wakarudi Septemba. Tena begi la vyeti na pasi za kusafiria liwe tayari kila kiangazi, hilo usisahau.

Ila kungoja Aprili hakumaanishi ukae hivyo hivyo. Zamu ijayo ya mumeo mgodini panda ndege na watoto nenda Edmonton kwa huyo rafiki, haifiki masaa mawili angani, kaa wiki moja au hizo mbili, mkubwa muombee ruhusa shule. Usiende kwa gari peke yako, ni kilomita karibu 1,500 na sehemu nyingi hakuna mtu wala mtandao. Kwenda kumuona rafiki si kuondoka kwenye ndoa, na mumeo asikutishe na hayo maneno.

Hapa naomba umpe asome na yeye. Baba, mkeo anaumwa. Hukumleta kwa nguvu, najua, na hela unayoitafuta ni ya watoto wenu, najua. Lakini we mgodini unapikiwa, una wenzako, una zamu inayokuamsha, mkeo hana hata kimoja. Kabla hujapanda ndege kwenda zamu, gari iwe imekaguliwa betri na hita, waya wa plagi uwe mzima, na pawe na majirani wawili wenye namba yake na yeye ana zao. Kila siku saa ile ile umpigie, na uongee na watoto. Kwenye hiyo hela itengwe ya kumlipia mdogo mahali pa kulelewa hata siku mbili tatu kwa wiki, ili mama atafute kazi au kozi, wazee wa kuhudumiwa huko wapo pia na yeye uzoefu anao. Fomu ya kodi ya T2222 mnaijaza? Anayeishi kaskazini miezi sita mfululizo anaruhusiwa kupunguziwa kipato kinachotozwa kodi mpaka dola 22 kwa siku kwa nyumba, ni kama dola 8,000 kwa mwaka, na safari zenu za ndege kama mwajiri anazigharamia nazo zina hesabu yake pale. Tiketi za Edmonton hapo hazikosi.

Na hiyo miaka mitatu, umeiuliza kampuni? Migodi ya almasi ya huko inazeeka, Diavik peke yake ilipangiwa kumaliza uzalishaji 2026. Mjue mkataba unaishia lini kabla hamjaanza kugombana kuhusu muda ambao pengine hata haupo.

Ikifika Aprili mwanangu, umetibiwa, umetoka, una watu, na bado moyo unakataa, basi rudini Edmonton na msimuombe mtu radhi. Wengine wanaishi hivyo, familia mjini baba anakwenda mgodini na kurudi, kampuni kadhaa zinachukua wafanyakazi mpaka Edmonton, aulize yake kama inafanya hivyo. Na ukikuta umeanza kupapenda tena, basi msimu ujao taa iwashwe kuanzia mwisho wa Septemba, usingoje Disemba ikukute.

Kesho asubuhi mkubwa akishapanda basi, usirudi kitandani. Piga simu kliniki kwanza, halafu mpigie yule dada Mkongo, na kama namba yake hukuchukua basi gonga kwa jirani, muulize anatoka saa ngapi kutembea.

Anti